Kumsindikiza Mtu Mbele ya Msuluhishi: Mashindano ya Wanafunzi wa Sheria na Huduma ya Mchungaji

Katika vyuo vyetu vya theolojia, somo la uchungaji humwandaa mwanafunzi kuwa mpatanishi. Hufundishwa kuketi katikati ya mume na mke waliofarakana, katikati ya wazee wa usharika na kwaya, katikati ya ndugu wanaogombea shamba la baba yao. Jambo hili ni jema, wala hatuna budi kuliacha. Lakini meza ya usuluhishi ina viti zaidi ya kile cha katikati. Kando ya kila mwenye shauri ipo nafasi ya mtu wa pili, yaani yule aliyekuja pamoja naye ili amsaidie kueleza haja yake, kupima anachopewa, na kukataa asichoweza kukubali. Mtu huyo hatumwandai. Aghalabu hata jina lake hatuna. Makala haya yanakusudia kueleza mazoezi ambayo wenzetu wa vyuo vya sheria wanayafanya kwa ajili ya nafasi hiyo ya pili, na kisha kuuliza yanatuhusu nini sisi tunaowaandaa watumishi wa Kanisa.

Jinsi mashindano yalivyotokea

Kwa muda mrefu vyuo vya sheria vimewazoeza wanafunzi wao kwa mahakama ya mfano. Wanafunzi hupewa shauri la kubuni, hugawanywa pande mbili, nao husimama mbele ya majaji na kutoa hoja. Mashindano ya Jessup, yanayohusu sheria ya kimataifa, yalianza mwaka 1960; yale ya Vis, yanayofanyika Vienna na kuhusu biashara ya kimataifa, yalianza mwaka 1994. Katika mazoezi ya namna hii anayesifiwa ni yule anayejua kusema. Mteja hayupo chumbani. Ni jina tu katika karatasi, na wakili husema kwa niaba yake bila hofu ya kukatizwa.

Wakati huohuo mahakama zenyewe zilikuwa zikibadilika. Mwezi wa Aprili mwaka 1976, katika mkutano uliofanyika St. Paul, Minnesota, Profesa Frank Sander wa Harvard alitoa wazo kwamba mahakama isiwe na mlango mmoja tu wa hukumu, bali iwe na milango kadhaa, na kila shauri lielekezwe kwenye mlango unaolifaa. Usuluhishi ungekuwa mmojawapo. Wazo hilo lilienea haraka kuliko walivyotazamia wengi. Hapa Tanzania usuluhishi uliingizwa katika kanuni za mashauri ya madai mwaka 1994. Na mwaka 2000 Katiba yetu ilipata Ibara ya 107A, inayozitaka mahakama kukuza usuluhishi kati ya wenye migogoro. Kenya waliweka agizo kama hilo katika Katiba yao ya mwaka 2010, na kuanza majaribio ya usuluhishi ndani ya mahakama za Nairobi mwaka 2016. Mawakili wakajikuta ndani ya vyumba visivyo na jaji, ambamo ufasaha wao ulikuwa hausaidii kitu, na pengine ulidhuru.

Ndipo vyuo vikaona haja ya zoezi la namna nyingine. Marekani, chama cha mawakili cha nchi hiyo kina mashindano ya wanafunzi kuhusu kumwakilisha mteja katika usuluhishi. Yale yanayojulikana zaidi duniani ni ya Baraza la Biashara la Kimataifa, ambayo yalianza mwaka 2006 na kwa kawaida hufanyika Paris mwezi wa Februari, yakikusanya timu za vyuo kutoka mabara mbalimbali. Yapo pia mashindano ambamo wanafunzi hao hao hubadilishana viti, leo msuluhishi, kesho wakili, kesho kutwa mteja. Hapa nitaeleza zaidi namna ya Paris, kwa kuwa ndiyo inayoweka mkazo wote juu ya yule anayesindikiza.

Kikao kinavyokwenda

Katika kila kikao huketi timu mbili, na kila timu ina watu wawili mezani: mmoja ni mteja, mwingine ni wakili wake. Wote wawili ni wanafunzi. Katikati huketi msuluhishi, naye si mwanafunzi, bali ni mtu wa kazi hiyo aliyekuja kujitolea. Pembeni huketi waamuzi wa mashindano, ambao hawasemi neno mpaka mwisho. Kikao huchukua muda unaokaribia saa moja na nusu.

Kabla ya kikao kila timu imekwisha kupokea karatasi za aina mbili. Ya kwanza ina habari ambazo pande zote zinazijua. Ya pili ni ya siri, nayo ina mambo ambayo upande mmoja tu unayajua. Tuchukue mfano, ambao ni wa kwangu mwenyewe na si wa mashindano yoyote. Tuseme chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kimemwuzia mkaangaji kahawa wa Hamburg magunia 600. Kahawa imefika imechelewa majuma matatu. Mnunuzi anakataa kulipa theluthi ya bei, nacho chama kinadai chote pamoja na riba. Hayo wote wanayajua. Lakini karatasi ya siri ya chama inasema kwamba wakulima lazima walipwe kabla shule hazijafunguliwa, la sivyo nusu yao watauza kwa wachuuzi mwaka ujao na chama kitakufa. Karatasi ya siri ya mnunuzi nayo inasema kwamba amepoteza wauzaji wawili mwaka huu, naye anahitaji kahawa ya uhakika kwa miaka mitatu. Fedha za riba si kitu kikubwa kwake, ila aliaibika mbele ya wateja wake nao wakamwita mwongo.

Mahakamani shauri hili lingehusu siku 21 na theluthi ya bei, basi. Mbele ya msuluhishi linahusu ada za shule, maisha ya chama, heshima ya mfanyabiashara, na kahawa ya miaka mitatu ijayo. Kila mmoja ana kitu ambacho mwenziwe anakihitaji kuliko kile wanachokigombea. Ila hakuna anayejua jambo hilo, na kila mmoja anaogopa kuwa wa kwanza kusema, maana akisema anaonekana mhitaji.

Kikao huanza kwa msuluhishi kueleza utaratibu. Kisha kila upande hutoa maelezo ya ufunguzi. Hapa ndipo tofauti na mahakama ya mfano huonekana waziwazi. Katika timu nzuri wakili husema machache: huonyesha kwamba amekuja kutafuta njia, huweka wazi mipaka ya kisheria, kisha humwachia mteja. Mteja ndiye anayesimulia. Ndiye anayejua jinsi wakulima walivyopanga foleni ofisini kuuliza fedha zao, na neno lake lina uzito ambao wakili hawezi kuuazima. Baada ya hapo huja maswali, mapendekezo, na pengine kikao cha faragha ambamo msuluhishi huzungumza na upande mmoja peke yake. Lisemwalo faragha halivuki mlango pasipo idhini ya aliyelisema. Wasomaji wa jarida hili watatambua hapo kitu wanachokijua kutoka mahali pengine, kwa kuwa Ungamo la Augsburg katika kifungu cha 11 linashikilia maungamo ya faragha, nasi tunafundishwa kwamba siri ya maungamo si mali ya mchungaji.

Waamuzi hawaulizi nani ameshinda. Mapatano yanaweza kukosekana na timu ikapata alama za juu. Wanachokipima ni kama wakili na mteja waligawana kazi sawasawa. Kama walisikiliza kile ambacho upande wa pili ulisema hasa, wala si kile walichotarajia useme. Kama walimtumia msuluhishi vizuri au walimgeuza kuwa jaji. Kama haja za kweli za mteja zililindwa. Na kama walivumbua njia ambayo haikuwamo katika karatasi. Wakili aliyesema kwa ufasaha kikao chote huku mteja wake ameketi kama mgeni arusini, hupunguziwa alama. Wahubiri watanisamehe nikisema kwamba katika zoezi kama hili sisi ndio tungeshindwa mapema.

Dirisha la Harvard

Msingi wa mazoezi haya ni tofauti kati ya dai na haja. Tofauti hiyo ilienezwa sana na kitabu cha Roger Fisher na William Ury kilichotolewa mwaka 1981, lakini mfano mzuri zaidi ni wa mwanamke aliyewatangulia, Mary Parker Follett, aliyefariki mwaka 1933. Alieleza kwamba siku moja, katika chumba kidogo cha maktaba ya Harvard, mtu mmoja alitaka dirisha lifunguliwe, na yeye alitaka lifungwe. Wakafungua dirisha la chumba cha pili ambamo hamkuwa na mtu. Yule mwingine hakuwa na haja na dirisha lile hasa, alitaka hewa. Follett naye hakuchukia hewa. Hakutaka upepo wa kaskazini umpige moja kwa moja. Alisisitiza kwamba hayo hayakuwa maafikiano ya kila mtu kupoteza nusu, kwa kuwa wote wawili walipata walichokihitaji.

Kazi ya anayesindikiza huanza hapo, kabla ya kikao, pale anapomwuliza mwenye shauri: unataka dirisha, au unataka hewa? Swali hili ni gumu kwa sababu mwenye shauri amekwisha kulitangaza dai lake mbele ya watu, na kuliacha ni aibu. Tena lazima aulizwe swali la pili: mapatano yakishindikana, utakwenda wapi, na huko kukoje? Asiyejua hali yake nje ya mapatano hawezi kupima anachopewa ndani yake. Atakubali kidogo kwa hofu, au atakataa kizuri kwa kiburi. Mwanafunzi wa sheria hufanya mazungumzo haya kwa saa nyingi kabla ya kuingia chumbani. Ninaamini kwamba hayo ndiyo mazoezi yenyewe, na kikao mbele ya waamuzi ni matokeo yake tu.

Nafasi mbili zisizochanganyika

Agano Jipya lina maneno mawili ya Kiyunani yanayotufaa hapa. La kwanza ni mesites, yule asimamaye katikati, analolitumia mwandishi katika 1 Timotheo 2:5. La pili ni parakletos, yule aliyeitwa kuwa kando ya mtu. Watafsiri wa Biblia yetu ya Kiswahili ya Union hawakulitafsiri neno hili la pili kwa namna moja: katika Injili ya Yohana wameandika Msaidizi, na katika 1 Yohana 2:1 wameandika Mwombezi. Tafsiri zote mbili ni halali, lakini msomaji wa Kiswahili haoni kwamba ni neno lile lile, wala haoni kwamba picha yake ya kwanza ni ya mtu anayesimama upande wa mshitakiwa.

Kristo hubeba majina yote mawili. Yeye ni mesites, na ni parakletos. Anaweza kuwa katikati na kuwa kando kwa wakati mmoja kwa sababu katika nafsi yake pande zote mbili zimekutana, Mungu kweli na mwanadamu kweli. Hilo ni fundisho ambalo kila mwanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza analikariri. Lakini ni mara chache tunatoa matokeo yake kwa huduma: kwamba hakuna mwingine awezaye. Mchungaji anayemsikiliza mke faraghani siku ya Jumanne, akamfariji na kumpa shauri, kisha Alhamisi akaketi katikati ya mke na mume kama msuluhishi asiye na upande, amejitwalia nafasi mbili ambazo ni za mmoja tu. Mume ataliona hilo haraka, hata kama hatalisema. Na yule mke naye atajiuliza, alipokuwa akilia Jumanne alikuwa akilia mbele ya nani.

Maandiko yenyewe yanatuonyesha njia zaidi ya moja ya kukaa kando ya mtu. Katika waraka kwa Filemoni, Paulo anasimama upande wa Onesimo. Haamuru ingawa angeweza, bali anasihi. Anajua haja ya Filemoni, naye anaigusa. Anajitolea kulipa deni kwa mkono wake mwenyewe. Ni kazi ya uwakilishi iliyofanywa kwa ustadi. Hata hivyo sauti ya Onesimo haisikiki katika waraka ule hata mara moja. Hatujui alitaka nini. Tukilinganisha na Hesabu 27, tunawaona binti watano wa Selofehadi, yaani Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza, wakisimama mlangoni pa hema mbele ya Musa, kuhani Eleazari, wakuu na mkutano wote, na kulisema shauri lao la urithi wa ardhi kwa vinywa vyao wenyewe. Musa hasemi badala yao. Anayachukua maneno yao kuyapeleka mbele za Bwana, na Bwana anawapa haki. Nadhani tumehubiri sana Filemoni, na Hesabu 27 tumeiacha kwa wataalamu wa Agano la Kale.

Hapa inafaa kukumbuka kwamba Luther mwenyewe alikufa akiwa katika kazi ya usuluhishi. Mwezi wa Januari mwaka 1546, akiwa mgonjwa, alisafiri wakati wa baridi kali kutoka Wittenberg kwenda Eisleben, kupatanisha mabwana wa Mansfeld waliokuwa wakigombea urithi na haki zao. Mapatano yalifikiwa katikati ya Februari, naye akafariki usiku wa kuamkia tarehe 18. Katika barua zake za siku zile aliwalalamikia mno wanasheria wa pande zote, kwamba maneno yao yalizidi kuvuruga. Luther aliwahi kuanza masomo ya sheria huko Erfurt mwaka 1505 kabla ya kuingia utawani, kwa hiyo hakuwa mgeni kabisa wa kazi yao. Malalamiko yake ni yale yale yaliyowafanya walimu wa sheria wa zama zetu kutafuta mazoezi mapya: wasindikizaji walikuwa wamekuja kupigana, kumbe mabwana wao walihitaji kupatana.

Mabaraza yetu

Yaweza kusemwa kwamba mambo ya Paris ni ya makampuni na mawakili wenye fedha, nasi washarika wetu hawana wakili. Ni kweli, na hilo ndilo linalotufanya tuyatazame. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaagiza katika kifungu cha 101 kwamba ombi la talaka lisifikishwe mahakamani kabla ya mgogoro kupelekwa kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Sheria hiyo inaruhusu pia vyombo vya jumuiya za dini kuteuliwa kuwa mabaraza ya namna hiyo. Kifungu cha 104 kinakataza wakili kusimama mbele ya Baraza, na pasipo ruhusa ya Baraza mwenye shauri hawezi kuwakilishwa na mtu asiye wa familia yake. Baraza lisipofaulu hutoa hati yenye maoni yake, nayo hati hiyo ndiyo ufunguo wa mahakama.

Katika ardhi ni vivyo hivyo. Mbele ya Baraza la Kata wakili haruhusiwi. Ndugu au mtu wa nyumbani aweza kusimama kwa ombi la mwenye shauri. Na tangu marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata halina tena mamlaka ya kuamua nani mwenye haki katika mgogoro wa ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha, na likishindwa shauri huenda kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Badiliko hili ni kubwa kuliko linavyodhaniwa vijijini. Zamani mjane aliyekwenda kwenye Baraza la Kata alihitaji ushahidi. Sasa anahitaji kujua anachokitaka, anachoweza kukiacha, na mahali pa kwenda asipokubali.

Tuseme basi mjane mmoja anaishi katika kihamba cha marehemu mumewe, na shemeji zake wanataka kigawanywe. Wanakwenda kwenye Baraza. Shemeji ni wanne, wamezoea kusema mbele ya watu, na mmoja wao ni mzee wa kanisa. Yeye amekuja na kaka yake, ambaye amesafiri usiku kucha na hajui habari zote. Baraza linauliza: mama, unasemaje? Kaka anasimama na kusema kwa hasira kwamba dada yake hataondoka. Kila mmoja husema dai lake, wajumbe wanapendekeza nusu kwa nusu, na mama anaitikia kwa kichwa kwa sababu watu wazima wamechoka. Wajumbe watasema amani imepatikana. Kumbe huenda haja ya mama ilikuwa nyumba, kisima, na kaburi la mumewe. Na huenda haja ya shemeji wawili ilikuwa tu kuhakikishiwa kwamba ardhi haitauzwa kwa mtu wa nje ya ukoo. Dirisha la pili lilikuwapo, ila hakuna aliyelitazama.

Mchungaji wake angeweza kufanya nini? Hawezi kusimama kama wakili, na pengine si ndugu. Lakini hakuna sheria inayomkataza kwenda nyumbani kwa yule mama juma moja kabla, kumketisha pamoja na kaka yake, na kuwauliza yale maswali mawili. Hakuna inayomkataza kumwomba mama ajizoeze kuyasema maneno yake ya kwanza kwa sauti, mara tatu au nne, mpaka yatoke bila kutetemeka, na kumfundisha kaka kunyamaza. Ikiwa mchungaji huyo ni mjumbe wa Baraza lenyewe, basi achague mapema: aketi katikati na asiende nyumbani kwa mtu yeyote, au aende nyumbani na ajitoe katika kiti chake. Sharika zenye watumishi zaidi ya mmoja zinaweza kugawana nafasi hizi bila shida: mwinjilisti akasindikiza, mchungaji akasuluhisha. Penye mtumishi mmoja tu, hapana budi kumwita wa usharika jirani.

Mipaka ya zoezi

Nisieleweke kwamba kila kitu kinaweza kuwekwa juu ya meza hii. Mashindano ya Paris ni ya mashauri ya biashara, ambamo pande mbili zina nguvu zinazokaribiana na mtu anaweza kuondoka bila kupigwa. Mke anayepigwa hana dai la kupunguziwa na haja ya kutafutiwa dirisha. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinasema wazi kwamba hakuna mwenye ndoa aliye na haki ya kumwadhibu mwenziwe kwa kipigo, na hali zisizo za kawaida zinatajwa na sheria hiyo hiyo kuwa sababu ya kutopitia Baraza. Mchungaji anayemrudisha mke wa namna hiyo mezani kwa jina la upatanisho, akilinukuu 2 Wakorintho 5, analitumia neno la Injili mahali ambapo sheria ya Mungu, katika matumizi yake ya kwanza, ilipaswa kusemwa kwa mwenye kupiga.

Tena mazoezi yenyewe yana udhaifu ambao walimu wa sheria wanaujua. Mteja wa mashindano ni mwanafunzi. Hana cha kupoteza ila alama. Machozi yake ni ya kuigiza, na baada ya kikao atakula pamoja na mshindani wake. Isitoshe, neno mashindano lina uchungu wake: mtu anatuzwa kwa kupatana vizuri kuliko wengine. Na mapatano ya haja, hata yakiwa bora namna gani, si msamaha wa dhambi. Mnunuzi wa Hamburg na chama cha ushirika wanaweza kupatana vizuri sana bila mmoja kumwomba mwenziwe radhi. Hili si kosa la usuluhishi. Ungamo la Augsburg katika kifungu cha 16 linayahesabu mambo ya sheria za dunia kuwa kazi njema za Mungu ambazo Mkristo anaweza kuzishiriki, bila kuzidai ziwe Injili. Lakini sisi huwa tunakosea upande wa pili: tunadai msamaha upesi mno, mama asameheane na shemeji zake kabla hajaambiwa atachota maji wapi.

Namna ya kulifanya darasani

Kwa walimu wenzangu ninapendekeza zoezi hili katika somo la uchungaji, nalo halihitaji fedha. Wanafunzi watano wanatosha: wawili upande mmoja, wawili upande wa pili, na mmoja katikati. Mwalimu aandike karatasi ya wote na karatasi mbili za siri, kutoka katika mashauri yanayofahamika vijijini, lakini yasiwe ya usharika wowote unaotambulikana. Siri iwe ya kweli. Pande mbili zisioneshane karatasi hata chumbani kwa kulala. Wapewe siku tatu za kujiandaa, na kila msindikizaji aandike ukurasa mmoja: mwenye shauri wangu anadai nini, ana haja gani, mapatano yakishindikana atakuwa wapi, na ni nani kati yetu atakayesema nini. Kikao kiwe cha saa moja. Wanafunzi wengine wapime, kila mmoja akiwa na saa mkononi, ni dakika ngapi alisema mwenye shauri na dakika ngapi alisema msindikizaji.

Juma linalofuata wabadilishane viti. Mwanafunzi aliyekuwa msuluhishi awe mwenye shauri, na ni vema hasa yule mwenye sauti kubwa darasani apewe kuwa mjane. Wanafunzi wa kike, ambao katika vyuo vyetu sasa ni wengi kuliko zamani, wasipewe kila mara nafasi ya mke.

Kikao kikiisha, kabla mwalimu hajasema lolote, karatasi ya mapatano isisomwe na msuluhishi wala na msindikizaji. Apewe mwenye shauri. Aiweke mezani ikiwa imefunikwa, naye aeleze kwa maneno yake mwenyewe ni jambo gani ameahidi, ameahidiwa nini, na lini. Kisha karatasi ifunuliwe na kulinganishwa. Ikiwa hayafanani, warudi mezani.